Mama Alianza Kuagiza Vitu Baada ya Kuzikwa

Mama yangu alizikwa Ijumaa. Kufikia Jumatatu alikuwa ameshaagiza friji yake ipelekwe Port Reitz.

Hakuniagiza mimi. Alimwagiza mama mdogo Emmaculate, anayekaa huko, ndotoni.

"Nimemuona waziwazi," mama mdogo alisema, kikombe cha chai mkononi, tongo bado machoni. "Amesimama pale pale penye friji. Akaniambia, 'Emma, ichukue hii, isije ikaharibika.'"

Wanawake waliolala ukumbini wakaacha kukunja mikeka. Mmoja akasema, "Mungu wangu!" Mwingine akaigeukia friji na kuitazama kwa heshima, kama vile imepandishwa cheo.

Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya mihogo. Niliipeleka jikoni.

Mimi si mtu wa kusema. Ndiyo maana naandika.

Naitwa Vivian. Tunaishi Magogoni, huku Kisauni, mimi na mdogo wangu Sarah, aliye kidato cha tatu. Mama naye, mpaka juzi. Baba alitangulia zamani. Nyumba ni vyumba viwili, ukumbi na baraza. Aliijenga baba, na mama akaja kuiezeka upya kwa viazi vya karai.

Naam, kwa viazi. Aliviuza pale kwenye kona na ukwaju wake wa pilipili, na kila bati lililo juu ya vichwa vyetu lilipita kwanza kwenye yale mafuta ya moto.

Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwambia mvua inakuja, atasema, "Haya." Ukimwambia nyumba inaungua, nadhani angesema "haya" vile vile, kisha akachukua ndoo.

Mwanamke huyo ndiye aliyekuwa msemaji mkubwa baada ya kufa.

Sisi ni watu wa kanisa. Lakini pia ni Wagiriama, na koma, yaani wafu wetu, hawajali leo ni Jumapili au Jumanne. Kwetu marehemu akikujia usingizini akanena, neno lake halipingwi. Ukilipinga na mtoto wa mtu akaugua kesho, sababu ni wewe. Mchungaji wetu hulikemea jambo hilo madhabahuni mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Kisha akimuota babake, unamkuta dukani ananunua nguo ya kufunika kaburi.

Tulimzika mama Kaloleni, nyumbani kwa kina baba. Baada ya hapo jamaa wakaamua matanga yamaliziwe Magogoni, kwa sababu wengi wana kazi mjini.

Nilikaa nao matanga yote nikiwatafuta hao wenye kazi.

Na mimi niliota. Tena kila siku. Lakini zangu zilikuwa ndoto za fujo.

Nilimuota baba mdogo Lenox, mumewe Emmaculate. Ni mdogo wa baba, mtu wa ofisini bandarini, anayevaa beji ya kazi hata akienda harusini. Ndotoni alikuwa bibi harusi. Amevaa shela, amepakwa hina mpaka viwikoni, analia kwa kwikwi kwa sababu hakuna aliyekuja kumposa. Beji ilikuwa palepale kifuani.

Nilimuota Nzai, mwenyekiti wa kwaya aliyokuwa akiimba mama. Alikuwa mtoto mchanga mwenye ndevu. Sarah amembeba mgongoni kwa leso, naye analilia maziwa kwa sauti ya besi.

Mama mdogo Emmaculate alikuwa askari wa barabarani. Anasimamisha kuku mmoja mmoja na kuwadai leseni.

Asubuhi nikienda kuteka maji humweleza Salha, jirani yetu, rafiki yangu tangu tukiwa watoto wa kamasi.

"Weye usiku wala nini?" aliniuliza.

"Mihogo ya matanga."

"Basi iache. Mihogo hiyo ina wazimu."

Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Kisha akanitazama.

"Na mamako je? Hujamuota?"

"Bado."

"Hata mara moja?"

Niliinua ndoo yangu. Watu wote wa Mombasa walikuwa wamekuja usingizini mwangu, kila mmoja amevaa maisha ya mwenzake, isipokuwa yule niliyekuwa nalala mapema ili nimuone.

Kilichoniuma hasa ni hiki: ndoto za wengine alikuwa anaenda. Mimi niliyemwosha, niliyemlisha uji kwa kijiko, nilikuwa nimelala chumba cha pili. Ina maana alikuwa anapita mlangoni kwangu kwenda kuongea na Emmaculate habari za friji.

Nilimwonea Emmaculate wivu, kweli kabisa.

Jumanne ikawa zamu ya Nzai. Alikuja mapema, akakaa kwenye kochi, akalipapasa kwa kiganja kama mtu anayemuaga rafiki.

"Dada yetu amenijia," alisema. "Anasema makochi haya yaende chumba cha kwaya. Anataka wanakwaya wakae vizuri."

"Kwaya si husimama?" Sarah aliuliza.

"Nyamaza, mtoto."

Watu wakaguna. Ili kubadilisha hewa, na labda kwa uchovu, nikawaeleza ile ndoto yangu ya bibi harusi. Sijui ilinitokaje. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wale waliokuja kulia.

Baba mdogo Lenox hakucheka.

"Hiyo si ndoto," alisema, akiishika beji. "Hiyo ni gesi. Ndoto ya kweli mtu anakuja kwa sura yake na jambo lake. Msichanganye mambo ya marehemu na upuuzi."

Jumatano, yeye naye akaota.

Alisubiri watu wote wapate chai. Akakohoa. Akavua miwani.

"Usiku huu shemeji amenijia," alisema. "Amesema, 'Lenox, nyumba hii ipangishe, isikae bure. Na Sarah mchukue akae kwako Port Reitz, amsaidie Emma na watoto.'"

Mkono wa Sarah ukasimama juu ya kikombe.

"Na shule?" niliuliza.

"Habari za shule hakusema."

"Labda uliamka mapema, baba mdogo," Sarah alisema. "Ungemsubiri amalize."

"Na mimi nikae wapi?" niliuliza tena.

"Wewe ni mtu mzima, Vivian. Chumba hukosi. Hayo si maneno yangu, ni ya mamako."

Sasa mjue jambo moja kuhusu kumsaidia mama mdogo Emma. Binti aliyetangulia kwenda kumsaidia ni mpwa wake, aliingia pale akiwa darasa la saba, kwa ahadi kwamba atatafutiwa shule ya karibu. La nane hakulifikia. Alifika kwenye beseni la nguo, na mpaka akaozwa alikuwa bado yuko hapo.

Huo ndio mlango aliokuwa anafunguliwa mdogo wangu. Na aliyedaiwa kuufungua ni mama, ambaye alisimama juani ili Sarah asikose hata siku moja ya masomo.

Nilijaribu. Mimi na Salha ndio tuliokwenda mochari na wamama wa kanisa kumvika mama, kwa hiyo nilijua alichovaa.

"Baba mdogo, alipokujia alikuwa amevaa nini?"

"Nyeupe," alijibu hapo hapo. "Nyeupe pepepe."

"Sisi tulimvika gauni la manjano."

Akanitazama kwa huruma.

"Huko wanabadilisha."

"Wanabadilisha," Nzai akaitikia.

"Huko ni lazima wabadilishe," Emmaculate akamalizia. Ikawa imepita. Wamama wazima wakatikisa vichwa kana kwamba waliwahi kwenda huko wakaona kabati.

Alhamisi Lenox alileta mtu kuangalia vyumba. Yule mtu aliingia na viatu mpaka chumbani kwa mama, akagonga ukuta kwa kidole, akauliza kama maji ni ya mfereji. Emmaculate naye alimpa Sarah mfuko mkubwa wa plastiki.

"Tia nguo zako humu, mama. Tutaondoka Jumamosi tukishaondoa matanga. Yale mavitabu yaache kwanza, nyumba yetu ni ndogo."

Nilimkuta Sarah ameketi kitandani, mfuko mtupu mapajani.

"Dada," aliniuliza, "kweli mama angesema hivyo?"

"Hapana."

"Basi mbona huwaambii?"

Nimewaambia, nilitaka kumjibu. Lakini kuuliza rangi ya nguo si kusema. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, nikampigia simu shangazi Kahaso.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba na Lenox. Alibaki Kaloleni kwa sababu ya mbuzi wake. Ni mfupi, anavuta ugoro, hana subira hata na jua, na ndiye mtu pekee ambaye Lenox humvulia beji. Nilimweleza yote, friji, makochi, nyumba, Sarah. Nilimsikia akifukuza mbuzi.

"Na wote wamwota kabla ya matanga kuondolewa?" aliuliza mwishowe.

"Wote, shangazi."

"Na weye?"

"Mimi ninaota upuuzi."

"Haya. Naja. Usiseme kama twaongea."

Jumamosi akafika. Tulikaa barazani, jamaa, majirani na wanakwaya wachache. Alipewa kiti, akakikataa, akaketi kwenye mkeka akanyoosha miguu yake yenye magaga.

"Shikamoo, dada," Lenox alisema. Beji sikuiona.

"Marahaba. Nimesikia marehemu amewajia. Mie hajanijia. Hebu niambieni, maana nyinyi ndio mmebahatika. Wifi yangu Emma, anza."

Emmaculate akaanza. Kwa heshima ya mgeni, akaongeza na harufu ya manukato.

"Wajua hakika ni yeye?"

"Kabisa, wifi."

"Sura ni yake?"

"Sura, sauti, mpaka alivyosimama."

"Nzai?"

"Mbele ya Mungu, mama. Ni yeye."

"Lenox?"

"Dada, kama ninavyokuona wewe hapo."

Shangazi akafuta macho kwa ncha ya leso. Nilijisemea, kumbe nimemwita aje awapigie muhuri.

"Mungu mkubwa," alisema. "Nilikuwa nahofu kwamba safari hii tumekosa wajumbe. Kumbe tunao watatu! Basi desturi mwaijua."

Lenox akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayeijua tangu tumboni.

"Hebu wakumbushe hawa watoto, Lenox."

"Wakumbushe wewe, dada. Wewe ndiye mkubwa."

"Haya. Anayejiwa na marehemu kabla matanga hayajaondolewa, huyo ni mjumbe wake. Na mjumbe hakai mbali na anayemtuma. Yuaenda kulala Kaloleni, kando ya kaburi, mpaka mvua kubwa iishe, maana maneno mengine yaja. Hanyoi. Hashiki simu, simu yafukuza koma. Alfajiri yuamwaga maji kaburini, mchana yualima shamba la marehemu. Na kila mjumbe na mbuzi wake mweusi, asiye na doa."

Kuku wa Salha alipita uani. Tulimsikia anavyokanyaga.

"Mvua kubwa huisha lini?" Nzai aliuliza.

"Ikitaka."

"Mama, mimi nina mashindano ya kwaya…"

"Utaimba kaburini. Atafurahi."

"Dada," Lenox alisema, "mimi nina kazi bandarini."

"Marehemu ajua una kazi. Na bado akakuchagua weye. Hiyo ni heshima kubwa, ndugu yangu, usiitupe. Chumba nimeshawafagilia. Kilikuwa cha mbuzi, lakini wale wakubwa nimewatoa."

Emmaculate ndiye aliyepasuka wa kwanza.

"Wifi, sasa nikifikiria vizuri… yule mwanamke alikuwa mnene kidogo."

"Marehemu hakuwa mnene."

"Si ndiyo nasema! Mimi nadhani alikuwa yule mama wa saluni kule kwetu. Wanafanana sana kwa nyuma."

"Na friji je?"

"Labda ilikuwa yake."

Nzai akainua mkono kama yuko darasani. Alisema sauti aliyoisikia ilikuwa ya alto, ilhali marehemu alikuwa soprano. Hawezi kukosea sauti, ndiyo kazi yake.

"Lakini wewe uliapa mbele ya Mungu," Sarah alisema.

"Mungu ni shahidi kwamba nilikuwa nimelala."

Akabaki Lenox. Jasho lilikuwa limemshuka mpaka kwenye kola.

"Dada, ndoto unazijua," alisema. "Inakuja sura ya mtu, lakini mambo ni ya mtu mwingine kabisa. Hata Vivian hapa aliniota mimi bibi harusi. Sasa mimi ni bibi harusi?"

"Bado," Sarah alisema.

Baraza likaanza kutikisika. Watu waliuma leso zao. Salha ilibidi aende kuangalia kitu nyumbani kwake, na kicheko chake tulikisikia mpaka anafika.

"Ile si ulisema ni gesi, baba mdogo?" niliuliza. Ilinitoka tu.

"Haya, ilikuja sura ya shemeji yako," shangazi alisema. "Mambo yalikuwa ya nani?"

Lenox akamtazama mkewe. Akaitazama barabara ya kwenda Kaloleni. Akachagua.

"Ya Emma," alisema. "Nadhani alikuwa Emma, katika sura ya shemeji. Maana yeye ndiye kila siku ananiambia Sarah aje asaidie, na nyumba ipangishwe."

Emmaculate alimgeukia kwa jicho ambalo halikuwa la usingizini.

"Mimi, Lenox? Mimi ndiye niliyemleta yule mtu wa kugonga kuta?"

"Hayo mtasemezana kwenu," shangazi akakata. "Kwa hivyo marehemu hakumjia mtu."

"Hakuja," wakasema.

"Wala hakusema neno lolote."

"Hakusema."

"Nyumba hakuitaja. Mtoto hakumtaja."

"Hakutaja, dada."

"Basi mtu asiposema neno, vitu vyake hubaki alivyoviacha. Hawa watoto wako kwao. Sarah, nenda kanyooshe sare zako za shule. Matanga yameondoka. Kunjeni mikeka."

Sijawahi kuona mikeka ikikunjwa kwa kasi ile. Pilau ilikuwa bado haijaiva. Nzai alikumbuka mgonjwa wa kumtembelea. Lenox na mkewe waliondoka bila kushikana mikono, yeye mbele, mkewe nyuma, na maneno katikati.

Ule mfuko wa plastiki waliusahau. Sarah aliutilia takataka za matanga.

Baadaye nikawa naosha masufuria uani, shangazi ameketi kwenye kigoda, anagonga kopo lake la ugoro.

"Shangazi," nikamwambia, "desturi ile mbona sijawahi kuisikia? Baba alipokufa hakuna aliyelala na mbuzi."

"Hata mie sikuwa naijua."

"Sasa umeitoa wapi?"

Akavuta ugoro. Akapiga chafya. Akajifuta.

"Nimeiota," alisema.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na sijui ni wapi kicheko kiligeuka, nikajikuta ninalia. Kilio chenyewe hasa, ambacho hakikuwa kimetoka Kaloleni wala mochari. Hakunibembeleza. Alichukua sufuria iliyokuwa mkononi mwangu akaendelea kuisugua yeye.

"Hajanijia, shangazi," nikamwambia. "Hata mara moja."

"Wamtakia nini?"

"Kumuona tu."

"Yule alisimama kwenye karai tangu nyinyi mko wadogo. Mwache alale kidogo."

Sarah yuko shule. Friji iko palepale, ina maji na limau moja. Makochi tumeyakalia sisi. Usiku bado naota watu na vyeo visivyo vyao. Mama hajaja, nami nimeacha kumsubiri kwa hasira.

Ila naandika hapa vitu vyake, kabla na vyenyewe havijavaa sura nyingine kichwani mwangu. Kwamba viazi alivimenya akiwa amesimama, ganda moja refu lisilokatika. Kwamba kiazi cha mwisho hakukiuza, alikirudisha nyumbani kwa yeyote aliyechelewa. Kwamba alinyamaza, na katika kunyamaza kwake kulikuwa na nafasi ya watu wote, ndiyo sababu kila mtu alidhani anaweza kumtilia maneno yake mdomoni.

Nanyi mliosoma mpaka hapa, chukueni hili. Aliye hai ana haki ya kuota, hata upuuzi. Marehemu ana haki ya kunyamaza.

Siku mkisikia marehemu amedai kitu, msiangalie mbinguni wala kaburini. Angalieni ni nani aliyekuja na mkokoteni.